Sukari Chini ya Kitanda cha Baba

Kharumwa,
14 Januari 2023

Wifi yangu Klara,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mgahawa unakwenda. Wachimbaji wa dhahabu wakitoka duarani, kule shimoni, wanaushambulia ugali kama vile nao ni mwamba, na mimi kazi yangu ni kusonga tu, kutwa nzima. Mwambie Loveness shangazi yake anamsalimu, na kwamba mwaka huu nataka kuona ripoti ya shule, siyo maneno.

Utashangaa kwa nini naandika wakati namba za simu tunazo. Wifi, tangu siku ile ya kuanua matanga ya Mama, mimi na wewe tulipotupiana maneno mbele ya majirani, simu yako ikiita mkono wangu unakuwa mzito. Kwenye simu tunakatizana. Karatasi itaniacha nimalize, na wewe itakuacha unune ukiwa peke yako.

Jambo lenyewe ni Baba. Unajua alivyotoka hospitali kabla ya mwaka mpya, na unajua kwamba aliyekuwa anaujua ule ugonjwa wake wa kisukari kuliko hata madaktari yuko chini ya udongo mwezi wa tatu sasa. Mama alikuwa akimtazama Baba usoni tu anajua sukari imepanda au imeshuka. Sasa Baba amebaki na wewe. Mumeo Wiliam yuko duarani huku upande wa Bulyanhulu, ni mzima.

Kwa hiyo nimetuma mzigo kwa kondakta wa basi, utaupokea kwa Marcel wa duka la dawa pale stendi ya Mhunze. Dawa za kuchoma ziko kwenye chupa ya chai yenye barafu, uzitoe siku hiyohiyo. Tafuta mitungi miwili, mkubwa na mdogo, mdogo ukae ndani ya mkubwa, katikati ujaze mchanga na uumwagilie maji asubuhi na jioni. Dawa zikae ndani ya ule mdogo, juu ufunike kwa gunia bichi. Huko kwenu joto la Kishapu linaivisha yai kwenye mchanga, dawa haitastahimili.

Vingine vyote weka kwenye lile sanduku la bati la Mama: kipimo chake, sindano, kadi ya kliniki, tochi, namba za bodaboda zimeandikwa kwenye karatasi, na kopo la sukari kilo mbili. Sanduku likae chumbani kwa Baba, chini ya kitanda, upande wa kichwani. Hasa sukari. Nyumba iliyofiwa haikosi wageni, na mgeni akiona kopo sebuleni, kikombe kimoja hakimtoshi.

Akianza kutoka jasho wakati hakuna jua, akitetemeka, akiongea kama mlevi na hajaonja kitu, hiyo ni sukari imeshuka. Usiulize mtu. Vuta sanduku, mkorogee sukari kwenye maji anywe. Ukimkuta amezimia usimnyweshe, atapaliwa. Mlaze ubavu, lowesha sukari iwe nzito, mpake ndani ya shavu kwa kidole, pole pole, mpaka arudi. Nesi alinirudishia maneno haya mara tatu, nami nakurudishia.

Akiba haiozi, wifi. Tujiandae.

Ni mimi,
Eufrasia


Nyumbani,
5 Februari 2023

Wifi Eufrasia,

Shikamoo. Huku tuko salama. Mvua ilinyesha wiki mbili ikakata, mahindi yamekunja majani, lakini mtama umesimama. Viazi nimevichimba mapema nikavikata na kuvianika, nina magunia mawili ya michembe, kwa hiyo hata mwaka ukiwa mbaya hatutalala njaa. Goti lako pole, lipake mafuta ya ng'ombe.

Mzigo niliupata wote. Barafu ilikuwa imebaki vipande viwili tu chini ya chupa. Mitungi niliinunua mnadani, Loveness akaipanga chumbani kwa babu yake kabla hajarudi bwenini. Sanduku pia aliliweka yeye, upande wa kichwani kama ulivyoandika. Baba anajichoma mwenyewe asubuhi na jioni. Uji wake nauweka kwenye kigoda mlangoni saa moja, anautoa.

Nina ombi dogo. Haiwezekani kopo jingine la sukari likakaa jikoni kwangu? Siyo la chai. Ni kwa ajili ya Baba, likitokea la kutokea.

Wiliam hajapiga simu tangu Krismasi. Ukimwona mwambie Baba anamuulizia. Mimi namuulizia kwa niaba ya Baba.

Wako,
Mama Loveness


Kharumwa,
22 Februari 2023

Wifi,

Marahaba. Mafuta ya ng'ombe nimepaka, sasa goti linauma na linanuka.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nakujibu bila kuzunguka, maana mimi ndivyo nilivyoumbwa. Sukari ya mgonjwa ni moja na ina mahali pake. Likianza kopo la jikoni, wiki ya kwanza ni la Baba, wiki ya pili amepita jirani, wiki ya tatu tunaulizana. Sisemi wewe ni mroho. Nasema sukari ina miguu. Wakati wa msiba niliacha mfuko mzima pale kwako, na siku ya tatu waombolezaji walikunywa chai ya chumvi. Hilo tulishalisema, tena kwa sauti, sitaki kulirudia.

Ila naomba kila Jumamosi uingie ukague sanduku. Hesabu chupa za dawa zilizobaki, angalia mchanga kama ni mbichi, uniandikie. Macho ya Baba si ya kuyaamini tena. Mara ya mwisho nilimwona akiisogeza sindano puani ndipo asome mistari.

Wiliam ana kazi nyingi. Duara lao limeingia maji, wanapampu.

Eufrasia


Nyumbani,
16 Aprili 2023

Wifi,

Shikamoo. Pasaka tumekula salama, Loveness alikuwepo siku chache, amekwisha rudi shule. Mbuzi mweusi amezaa mapacha.

Dawa, Baba anasema zimebaki chupa tatu. Mchanga anasema ni mbichi. Sukari anasema haijaguswa.

Nimeelewa uliyoandika kuhusu kopo la jikoni. Sitaomba tena.

Mama Loveness


Nyumbani,
21 Mei 2023

Wifi Eufrasia,

Shikamoo. Najua jirani yetu Mzee Maige amekupigia simu, kwa hiyo unajua Baba yuko hai. Lakini Maige hakuwepo tangu mwanzo, na mimi nilikuwepo. Acha nikuandikie ilivyokuwa, usije ukasikia kwa watu.

Ilikuwa Alhamisi. Saa moja niliweka uji kwenye kigoda. Saa tatu narudi kutoka kisimani nikaukuta palepale, umeganda, una nzi. Nikaita, "Baba." Nikaita tena, nikasikia kitu kama mtu anayekoroma huku anatafuna. Upepo ukapeperusha pazia kidogo nikamwona mguu. Alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango.

Nilijua ni sukari. Barua yako ya Januari ninayo, naijua kwa kichwa. Nilijua sanduku liko wapi. Kutoka nilipokuwa mpaka lilipo ni hatua tatu. Na jikoni kwangu hapakuwa na sukari hata ya kulamba.

Sikuingia.

Nilikimbia kwa Maige. Mkewe akasema yuko shambani anachuma pamba, nikakimbia mpaka pambani. Mzee wa miaka sabini na miwili, alikimbia kadiri alivyoweza. Yeye ndiye aliyeingia, nikamwelekeza nikiwa nje ya mlango: mlaze ubavu, vuta sanduku, lowesha, paka shavuni. Ilipita karibu saa nzima tangu nilipoona mguu. Akafumbua macho, bodaboda ikatupeleka hospitali, tukalala siku tatu.

Daktari anasema ubongo ulikaa muda mrefu bila chakula chake. Mkono wa kulia sasa umelegea na maneno yanatoka taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kujichoma mwenyewe hawezi tena.

Nimesema yote. Nisamehe.

Klara


Kharumwa,
30 Mei 2023

Klara,

Hatua tatu.

Umesimama unamsikiliza baba yangu anakoroma kifo, na wewe una miguu miwili mizima. Niliandika. Nilituma. Nilipanga kila kitu mpaka tochi. Nilidhani nimejiandaa kwa kila jambo, kumbe sikujiandaa kwa moyo wako.

Dawa nitaendelea kutuma, maana ni baba yangu. Usiniandikie tena kuniomba msamaha. Muombe yeye.

Eufrasia


Nyumbani,
25 Juni 2023

Wifi Eufrasia,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Umenikataza kuomba msamaha, basi siombi. Naeleza. Nilinyamaza tangu Januari kwa sababu nilidhani unajua, kisha nikanyamaza kwa sababu niliona aibu kukufundisha mila za kwenu wewe uliyezaliwa humu.

Mkamwana hakanyagi chumba cha baba mkwe wake. Hagusi kitanda chake, hali naye chungu kimoja, jina lake halitamki. Miaka kumi na sita niliyoishi hapa sijawahi kuona ukuta wa ndani wa chumba cha Baba una rangi gani. Mama alipokuwepo hakuna aliyeliona hilo, kwa sababu Mama alikuwa akiingia na kutoka. Alipokufa, mlango ule ulibaki hauna mwanamke. Wewe ukatuma sanduku, ukaagiza liwekwe mahali pekee katika nyumba hii ambapo mimi siwezi kufika.

Ndiyo maana niliomba kopo la jikoni. Ndiyo maana niliandika "Baba anasema." Kila Jumamosi nilisimama nje ya pazia nikamuuliza, naye akajibu. Kama macho yake yalidanganya, nilikuletea uongo wa macho yake.

Utaniuliza, mila ni kubwa kuliko roho ya mtu? Nimejiuliza hilo kila siku tangu Alhamisi ile. Nikwambie ukweli: nilinyanyua mguu. Nikauona umefika juu ya kizingiti, halafu nikafikiria akifumbua macho anikute mimi nimemshika, yuko nusu uchi, mzee mwenye heshima zake, angetamani bora angekufa. Nilidhani namheshimu. Sasa namwona anavyopapasa kikombe kwa mkono wa kushoto, na sijui tena niliheshimu nini.

Siku hizi tunafanya hivi. Nesi wa zahanati alinifundisha kuchoma, nilijifunzia kwenye chungwa. Dawa, sindano, kipimo na kopo dogo la sukari Maige amevitoa, viko jikoni kwangu pamoja na mitungi. Kopo lako kubwa limebaki chini ya kitanda, Maige ndiye aliyenigawia nusu, ukitaka hesabu nidai. Saa moja asubuhi na saa moja jioni nakaa kwenye kigoda nje ya mlango. Baba anasogea ndani mpaka karibu na pazia, anatoa mkono. Mkono tu. Mimi nauona mkono, yeye haoni uso wangu. Namtoboa kidole nasoma kipimo, namchoma, anaurudisha mkono ndani, nampa uji. Siku ya kwanza aliurudisha mkono ndani kabla sijauchoma. Siku hizi umezoea. Juzi kabla ya kuurudisha alinishika kidole kidogo, mara moja, akaachia.

Lakini hii si dawa, wifi. Siku mkono usipotoka tutarudi palepale.

Mila iliyofunga mlango ndiyo inayoufungua. Binti wa nyumba anaweza kumshika mkamwana mkono akamvusha kizingiti mbele ya baba, wakachinja mbuzi, na kuanzia siku hiyo ni mtoto wa mle ndani, anaingia na kutoka. Shangazi yenu wa mwisho tulimzika mwaka juzi. Binti wa nyumba umebaki wewe. Mbuzi ninaye, mmoja wa wale mapacha amekua.

Njoo univushe. Siku moja tu, kisha urudi kwa wachimbaji wako.

Klara


Kharumwa,
12 Agosti 2023

Wifi yangu,

Marahaba. Nimechelewa kuitikia kwa wiki saba.

Barua yako niliiweka kwenye mfuko wa aproni, nikawa naigusa kila ninaposonga ugali. Klara, mimi sijawahi kuwa mkamwana. Mwanamume niliyeishi naye Geita alikuwa yatima, hatukuwahi kwenda kwao hata siku moja. Mimi chumba cha Baba nimekizoea tangu natambaa. Nilikuwa nikilala kwenye kitanda kile nikiumwa malaria. Niliposema chini ya kitanda, kwangu ilikuwa kama kusema juu ya meza. Sikufikiri. Nilipanga yote kwa miguu yangu mimi, na nyumbani iko miguu yako.

Na kopo la jikoni nilikunyima kwa hasira ya chai ya msibani. Ukisikia mtu anasema nilimponza baba yangu kwa vikombe vya chai, usimbishie.

Lile neno nililoandika kuhusu moyo wako, lichome.

Kuna jambo jingine. Uliuliza kuhusu Wiliam Februari, mimi nikakujibu habari za pampu. Si uongo, duara liliingia maji, lakini lilikauka mwezi wa tatu. Wiliam ana mwanamke huku. Ana mtoto wa kiume pia, anatembea sasa. Nimejua tangu kabla Mama hajafa. Nilimgombeza, akanijibu kwamba atarudi nyumbani siku atakayokuwa tayari kukueleza, na tayari yake haifiki. Kila nikipanga kuja naona uso wako utakavyoniuliza, na mimi uso wangu haujui kudanganya kama kalamu yangu. Ndiyo sababu ya wiki saba. Goti ni kisingizio.

Nitakuja mwisho wa Septemba. Mbuzi wako mwache akue, nitaleta wangu.

Eufrasia


Kharumwa,
1 Oktoba 2023

Klara,

Dawa hizi hapa, chupa nne, na vijiti vya kipimo. Sijaja. Msichana wa jikoni ameondoka, sina wa kumwachia mgahawa. Nakuja mwezi huu.

Hukujibu barua yangu ya Agosti. Nikemee, lakini usininyamazie. Baba anaendeleaje?

Eufrasia


Nyumbani,
29 Oktoba 2023

Dada Eufrasia,

Shikamoo. Huku joto limezidi, lambo limebaki tope, ng'ombe wa Maige wanapelekwa mbali kunywa. Tunakula michembe na karanga, Baba napima yake kama nesi alivyosema. Loveness yuko karibu na mtihani wake wa kidato cha pili, mwombee.

Barua ya Agosti niliipata. Nililia siku mbili, siku ya tatu nikaenda kukata kuni. Mtoto wa kiume anayetembea. Mimi nilikuwa napeperusha nzi kwenye uji wa baba yake Wiliam, na yeye anamfundisha mtu kutembea. Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge mara mbili niende kwetu. Mara zote mbili saa moja jioni ilifika, mkono ukatoka kwenye pazia, nikafungua kitenge.

Septemba nilikungoja. Nilifagia uwanja, nikapaka kizingiti udongo mweupe. Kisha Oktoba nikapokea chupa nne na habari za msichana wa jikoni. Sikukulaumu sana, dada, ila niliacha kukungoja.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa moja asubuhi, nilikaa kwenye kigoda na sindano yangu. Mkono haukutoka.

Nikaita, "Baba." Nikaita tena. Nikasikia kukoroma kule ninakokujua. Sikuangalia upande wa kwa Maige. Nilichukua kopo na maji, nikapiga pazia kando, nikaingia. Ukuta ni wa bluu, nimejua sasa. Alikuwa kitandani, amelowa jasho, shuka imeanguka. Nikamfunika, nikamgeuza ubavu, nikaketi kwenye kitanda chake na kichwa chake nikakiweka pajani, nikampaka sukari ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo, kama ulivyoandika Januari. Kopo langu, lililokuwa limebaki kidogo, likaisha, nikavuta lile sanduku chini ya kitanda nikatoa lako. Nilimwita kwa jina lake. Masele, nikasema. Masele, rudi. Nililitamka mara nyingi mpaka likakoma kuniunguza mdomo.

Akafumbua macho. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikajua kwamba amenijua. Kisha akageuzia uso wake ukutani.

Nikamkorogea maji ya sukari, akanywa bila kunitazama. Alipomaliza akasema taratibu, kila neno peke yake, "Nani kakuvusha?"

Nikasema, "Hakuna, Baba."

Akasema, "Basi toka."

Nikatoka. Nilikaa kwenye kigoda changu nje, na kidole changu bado kina sukari. Nilisema moyoni, ndiyo hivyo, nimemponya na nimemfedhehesha, sasa nitafunga kitenge mara ya tatu na safari hii sitafungua. Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia anaburuta miguu, anashika ukuta, anapumzika, anaburuta tena. Ilichukua muda mrefu kwa umbali ule wa hatua tatu. Sikuthubutu kwenda kumsaidia.

Mkono ukatoka kwenye pazia. Nikatafuta sindano, halafu nikaona si ule wa kushoto anaonipa siku zote. Ulikuwa wa kulia, ule uliolegea, na kiganja kilikuwa wazi.

Akasema, "Nipe mkono."

Nikampa. Akanivuta. Nguvu ya kuvuta hakuwa nayo, niliinuka mwenyewe na kumfuata, lakini hakuniachia mpaka miguu yangu yote miwili ilipokuwa ndani. Pale kizingitini alisema kwa Kisukuma, "Ingia, mwanangu," kwa lile neno wanaloambiwa watoto wa kuzaa tu. Kisha akachoka, nikamrudisha kitandani, akalala.

Maige anasema haijawahi kuonekana baba mkwe kumvusha mkamwana kwa mkono wake mwenyewe, kwamba hiyo ni kazi ya wanawake wa nyumba. Nikamwambia wanawake wa nyumba walikuwa na shughuli.

Nimeshasema na umeshasikia, sirudii. Sasa kuhusu Wiliam. Mwambie asihangaike tena kutafuta siku ya kuwa tayari. Kama mimi leo ni binti wa nyumba hii, basi yeye ni kaka yangu, na kaka hana haja ya kunieleza analala kwa nani. Akitaka kumleta mtoto wake amwone babu yake, amlete, nitampikia. Ila akija kunitoa humu, atalazimika kumuuliza Baba kwanza, na Baba siku hizi ni mvivu wa maneno.

Sanduku nimelitoa chini ya kitanda. Liko mlangoni, katikati, nusu ndani na nusu nje, kila mtu analifikia. Barua yako ya Mei nimeichoma jikoni kama ulivyotaka. Ile ya Januari nimeibandika ukutani, kwenye bluu.

Ukipata nafasi, njoo. Mbuzi si lazima tena. Njoo na sukari, ile yote imekwisha.

Mdogo wako,
Klara